Kuunganisha mashine ya faksi kwenye laini ya simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sheria na usalama

Faksi haijafa. Hospitali, mahakama, ofisi za mawakili na kampuni za bima katika nchi nyingi bado zinaitumia, na mashine zinaendelea kuuzwa, nyingi zikiwa ndani ya printa zinazochapa, kunakili na kuskani kwa pamoja. Mashine hizi zina jambo moja ambalo printa ya kawaida haina: kwa nyuma zinaingia nyaya mbili, mmoja wa umeme wa ukutani na mwingine wa simu. Sehemu kubwa ya masharti yanayoelezwa hapa yametungwa ili umeme wa waya wa kwanza usifike kamwe kwenye waya wa pili, na yale yanayopita kwenye waya wa pili yasikudhuru wewe wala wengine wanaoutegemea. Ukilishika hilo, masharti mengi utayaelewa bila kukariri.

Mashine ni yangu na laini nailipia. Kwa nini nihitaji kifaa chenye kibali?

Kwa sababu mwisho wa waya ule hauko nyumbani kwako. Unakwenda hadi kwenye nguzo anayopanda fundi, ukaingia kituo cha simu chenye mitambo inayohudumia maelfu ya wateja. Mashine mbovu ikipitisha umeme wa ukutani kwenye laini, wa kwanza kuugusa anaweza kuwa fundi aliyeshika nyaya mtaa wa pili, akiamini ni nyaya za simu tu.

Zamani kampuni za simu zilitumia hoja hii kukataza kila kitu. Nchini Marekani zilipiga marufuku hata Hush-A-Phone, kikombe kilichovalishwa kwenye mdomo wa simu ili maongezi yasisikiwe na walio karibu, ingawa hakikuwa na umeme wowote. Mwaka 1956 mahakama ya rufaa iliitengua marufuku hiyo. Mwaka 1968 ukaja uamuzi wa Carterfone, kifaa kilichounganisha redio ya upepo na simu, na hapo Tume ya Mawasiliano ya Marekani, yaani FCC, ikasema mteja ana haki ya kuunganisha kifaa chake mradi hakiuharibu mtandao. Kampuni ya simu ikajibu kwa kumtaka mteja akodi kisanduku cha kinga cha kukaa kati ya kifaa chake na laini. Hatimaye mwaka 1975 FCC ilipitisha kanuni zinazojulikana kama Sehemu ya 68: mtengenezaji apime kifaa na kukisajili, mteja achomeke mwenyewe.

Kanuni hizo zinataja madhara manne yanayozuiwa: hatari ya umeme kwa wafanyakazi wa kampuni ya simu, uharibifu wa mitambo, kuvurugika kwa mitambo ya kuhesabu malipo, na kushuka kwa ubora wa huduma kwa watu wengine wasiokuwa wewe. Angalia vizuri: ubora wa faksi yako mwenyewe haumo katika orodha. Mashine inaweza kuwa na kibali halali na bado ikachapa vibaya. Kibali kinawalinda wengine.

Waya wa simu una umeme kiasi gani? Si mdogo tu?

Laini ikiwa imetulia, kuna takriban volti 48 za mkondo mnyoofu kati ya nyaya mbili. Ukiinua mkono wa simu, au mashine ikipokea, volti hushuka sana, mara nyingi chini ya 10. Lakini simu inapoita, kituo kinatuma umeme wa kubadilika wa takriban volti 90 wenye mizunguko 20 kwa sekunde katika Amerika ya Kaskazini. Ulaya mizunguko 25 ndiyo ya kawaida. Umeme huo unatosha kukurusha mkono ukiwa umeshika nyaya zilizo wazi, na ukiwa juu ya ngazi, kurushwa mkono ni jambo kubwa.

Jingine linalosahaulika ni kwamba umeme huu unatoka kwenye betri za kituo cha simu. Umeme wa nyumba ukikatika, laini ya shaba bado ina volti zake. Kuzima swichi kuu hakukulindi unapofanya kazi kwenye soketi ya simu.

Na hizo ni volti za siku njema. Siku mbaya ni ile radi inapopiga karibu na nguzo, au waya wa umeme mkubwa unapokatika na kuangukia wa simu. Majaribio ya usajili nchini Marekani yalipangwa kwa kuzingatia siku hiyo: mashine hupigwa mapigo mafupi ya volti 800 kati ya nyaya mbili za simu, na volti 1500 kati ya nyaya hizo na ardhi.

Ndani ya mashine, waya wa umeme na waya wa simu hutenganishwaje?

Ukifungua mashine ya faksi (ikiwa haina plagi yoyote iliyochomekwa), tafuta kibao kidogo kilicho karibu na soketi ya simu. Mara nyingi utaona mstari mtupu unaokikata kibao hicho, hauna shaba, upana wake milimita kadhaa. Kwenye baadhi ya vibao umechongwa kabisa hadi unaona upande wa pili. Upande mmoja wa mstari ni eneo la simu, upande wa pili ni eneo la mashine. Vitu vinavyoruhusiwa kuvuka ni vile vilivyopimwa kwa kazi hiyo: transfoma ndogo inayopitisha sauti kwa sumaku, au kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga. Umeme wenyewe hauvuki.

Upande wa simu, karibu kabisa na soketi, kuna kidude bapa cha mviringo, mara nyingi cha bluu. Kazi yake ni kumeza umeme wa ghafla. Mashine iliyopigwa na radi kupitia laini utaitambua hapo: kidude kimepasuka, masizi yametapakaa kuzunguka soketi, na njia za shaba zimenyofoka. Ukiona hivyo upande wa simu huku upande wa pili wa mstari ukiwa safi, ujue kinga ilifanya kazi yake hata kama mashine yenyewe imekufa.

Kiwango cha kimataifa kilichosimamia utenganisho huu kwa muda mrefu ni IEC 60950-1. Nafasi yake imechukuliwa na IEC 62368-1, na Ulaya pamoja na Amerika ya Kaskazini zilifanya mabadiliko hayo tarehe 20 Desemba 2020. Kwenye mashine za miaka mingi nyuma utakuta cha zamani. Haina maana kwamba si salama, ila ilipimwa kwa kipimo cha wakati wake.

Nisome nini kwenye lebo ya mashine?

Igeuze. Lebo huwa chini au mgongoni. Kuna mambo mawili ya kutafuta kwanza: volti za umeme wa ukutani, na alama ya kibali cha simu ya nchi unayounganishia.

Ikiwa mashine iliidhinishwa kwa soko la Marekani baada ya tarehe 23 Julai 2001, utaona mfuatano unaoanza na US na nukta mbili, katika mpangilio wa US:AAAEQ##TXXXX. Herufi tatu za kwanza zinaitaja kampuni inayowajibika kwa kifaa, mbili zinazofuata zinataja aina ya kifaa, na tarakimu mbili zilizo mahali pa ## ndizo REN bila nukta (REN ni kipimo cha mzigo kwenye laini, kinaelezwa hapa chini): 03 ni 0.3, na 10 ni 1.0. Mashine za kabla ya hapo zina namba ya usajili ya FCC, na REN imeandikwa peke yake. Za Kanada zina namba inayoanza na IC.

Ulaya hakuna namba ya aina hiyo. Kuna alama ya CE. Kwa miaka mingi mashine za faksi zilikuwa chini ya Agizo la Umoja wa Ulaya la 1999/5/EC. Tangu Juni 2016 lilipochukua nafasi yake Agizo la 2014/53/EU linalohusu vifaa vya redio, vifaa vya waya mtupu vilitolewa humo, na sasa vinafuata Agizo la 2014/35/EU la usalama wa umeme na 2014/30/EU la mwingiliano wa mawimbi. Mashine ya faksi yenye Wi-Fi, kwa kuwa ina redio, inabaki chini ya lile la redio.

Nchi nyingi zina mamlaka zao za mawasiliano zinazotoa kibali cha aina ya kifaa. Kibali cha nchi moja si kibali cha nyingine. Mashine uliyoletewa na ndugu kutoka ng'ambo inaweza kuwa nzima kabisa na bado isiruhusiwe ulipo, au ikaruhusiwa lakini isitambue mlio wa laini za huko. Kwenye menyu za mashine nyingi kuna kipengele cha kuchagua nchi, na si cha lugha peke yake: hubadilisha namna ya kutambua mlio wa kuita, mlio wa laini kuwa na shughuli, na muda wa kusubiri.

REN ni nini, na kwa nini nihesabu?

Ni kipimo cha mzigo ambao kifaa kinaubebesha laini wakati inaita. Kiliwekwa kwa kulinganisha na simu ya zamani yenye kengele ya chuma, ambayo peke yake ni 1. Kituo cha simu kina nguvu ya kuitisha idadi fulani tu ya kengele, kwa hiyo unajumlisha REN za vifaa vyote vilivyo kwenye laini moja. Marekani na Kanada jumla isizidi 5. Uingereza ni 4, Australia ni 3. Kipimo chenyewe hakifanani kabisa nchi hadi nchi, hivyo tumia namba iliyo kwenye lebo ya soko hilo.

Chukua laini moja Marekani: faksi 0.8, kitako cha simu isiyo na waya 0.3, mashine ya kurekodi ujumbe 1.0, na simu mbili za kengele 1.0 kila moja. Jumla ni 4.1, ziko salama. Ongeza simu nyingine ya kengele, umevuka.

Ukivuka, laini haishiki moto. Kinachotokea kinachosha zaidi: simu zinalia kwa unyonge, au baadhi hazilii kabisa, na faksi haijui kwamba inaitwa. Watu wanakulalamikia kwamba mashine yako haipokei, unaipeleka kwa fundi, anaichomeka kwenye laini yake yenye kifaa kimoja, inapokea vizuri. Kabla ya kuipeleka kokote, chomoa vifaa vingine vyote na ujaribu.

Je, waya wowote wa simu unafaa?

Hapana. Masharti ya usalama ya Amerika ya Kaskazini yanataka waya wa namba 26 AWG (mfumo wa Kimarekani wa kupima unene wa nyaya) au mnene zaidi, ambao kipenyo chake cha shaba ni takriban milimita 0.4. Katika mfumo huo namba ikipungua waya unanenepa, kwa hiyo 24 inafaa na 28 haifai.

Sababu ni moto. Umeme mkubwa ukiangukia laini ya simu, mkondo usio wa kawaida unapita kwenye waya wako hadi kinga iukate. Waya mwembamba sana unaweza kupata moto na kuyeyusha ganda lake kabla kinga haijafanya kazi, na mara nyingi umepita chini ya zulia au nyuma ya pazia. Tumia uliokuja na mashine. Ukinunua mwingine, soma maandishi madogo kwenye ganda. Usioandikwa chochote, uache.

Nichomeke nini kwanza, umeme au simu?

Umeme kwanza, simu baadaye. Wakati wa kuhamisha mashine, kinyume chake: chomoa simu kwanza, umeme mwisho.

Naona hili ndilo sharti linalopuuzwa kuliko yote, na nimeona hata watu wa kazi hii wakilifanya kinyume. Mantiki ya kawaida inakuambia utoe kwanza kilicho hatari, na umeme ndio unaoonekana hatari. Lakini mashine yenye plagi ya pini tatu inapata ethi yake kupitia plagi hiyo. Ikiwa imechomekwa, umeme wa ghafla utakaoingia kutoka kwenye laini una njia ya kwenda ardhini. Ukitoa plagi huku waya wa simu bado umo, umeiondolea mashine njia hiyo, na wewe ndiye uliyeikumbatia.

Kwa sababu hiyohiyo usikate pini ya ethi, wala usitumie adapta ya pini mbili kwa kuwa soketi ya ukutani haina tundu la tatu. Mwite fundi umeme aweke soketi yenye ethi halisi. Soketi yenye tundu la tatu ambalo nyuma yake hakuna waya ni mbaya zaidi, maana inakudanganya. Fundi anaipima kwa dakika chache. Soketi hiyo iwe karibu na mashine na isizibwe na kabati, kwa kuwa kuchomoa plagi ndiyo njia ya hakika ya kuikata mashine kwenye umeme.

Nifanye nini radi zikianza?

Chomoa mapema, kabla mvua haijafika, kwa mpangilio uleule: simu, kisha umeme. Zikishaanza kupiga karibu, usiguse nyaya tena, na usizungumze kwa simu ya waya. Kufunga soketi mpya au kuvuta laini wakati wa radi ni marufuku katika kila kitabu cha maelekezo.

Kikinga umeme wa ghafla kinasaidia, mradi kina tundu la umeme na la simu pia. Kile cha umeme peke yake kinafunga mlango mmoja na kuacha wa pili wazi, na kwa mashine ya faksi mlango huo wa pili ndio unaopitisha radi mara nyingi, kwa kuwa waya wa simu unaweza kuwa umesafiri kilomita kadhaa juu ya nguzo. Kikinga chenyewe nacho kinahitaji ethi.

Na maji? Na gesi?

Usiweke mashine karibu na beseni, sinki au bwawa, wala usifunge soketi ya simu mahali penye unyevu isipokuwa ile iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Nyaya zilizo wazi usiziguse hadi laini ikatwe kwenye kisanduku inapoingilia.

Ukinusa gesi inavuja, usipige simu wala kutuma faksi ukiwa hapo hapo. Cheche ndogo ya swichi inatosha. Toka nje, nenda mbali, ndipo upige.

Naweza kuiunganisha kwenye laini ya ofisi inayopita swichibodi?

Uliza kwanza laini hiyo ni ya namna gani. Swichibodi nyingi za kidijitali zina soketi zinazofanana kabisa na za simu ya kawaida, lakini volti na mkondo wake ni tofauti, na zinaweza kuunguza mashine ya faksi au modemu kwa mara moja. Omba tundu la analogi. Laini za simu za sarafu nchini Marekani haziruhusiwi kabisa, na laini za kushirikiana kati ya wateja zinategemea masharti ya jimbo.

Laini yangu ina kengele ya wezi. Kuna tatizo?

Linaweza kuwepo. Mfumo wa ulinzi unaopiga simu wenyewe unatakiwa uwe wa kwanza kwenye laini, mbele ya kila kifaa, ili uweze kuinyakua hata kama faksi inatuma. Ukiunganisha faksi mbele yake, au ukibadilisha nyaya bila kujua, kengele inaweza kushindwa kupiga siku inapohitajika, na hutaona dalili yoyote hadi siku hiyo. Mshirikishe aliyeufunga, na uujaribu baada ya kuunganisha.

Lazima kila ukurasa uwe na jina langu juu?

Marekani, ndiyo. Sheria ya mwaka 1991 ya kuwalinda watumiaji wa simu inataka kila faksi iwe na tarehe na saa ya kutumwa, jina la mtu au taasisi inayotuma, na namba ya simu ya mashine au ya mtumaji, kwenye ukingo wa juu au wa chini wa kila ukurasa, au kwenye ukurasa wa kwanza. Mashine zilizotengenezwa kuanzia tarehe 20 Desemba 1992 zinatakiwa ziwe na uwezo huo. Namba haiwezi kuwa ya 900 wala nyingine inayomtoza anayepiga zaidi ya gharama za kawaida.

Hata pale ambapo sheria haikulazimishi, jaza. Faksi hukosewa namba. Majibu ya vipimo vya mgonjwa yakitoka kwenye mashine ya duka la vipuri, mstari huo wa juu ndio unaomwezesha aliyeyapokea kukupigia. Na hakikisha saa ya mashine ni sahihi, kwa kuwa baada ya umeme kukatika mashine nyingine hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na ukurasa wenye tarehe isiyo ya kweli unakuwa ushahidi mbovu mbele ya mahakama.

Naweza kutuma matangazo kwa namba nilizozikusanya?

Marekani, faksi ya tangazo isiyoombwa inampa aliyeipokea haki ya kudai dola 500 kwa kila moja, na mahakama inaweza kuzidisha hadi mara tatu ikiwa ulifanya kwa makusudi. Sheria ya mwaka 2005 iliruhusu kuwatumia wale ambao tayari mna uhusiano wa biashara, kwa sharti kwamba ukurasa wa kwanza ueleze namna ya kujitoa bila malipo. Ulaya, Agizo la 2002/58/EC linataka ridhaa kabla ya kutuma kwa watu binafsi. Hasira inayosababishwa na faksi hizi ina msingi: karatasi na wino ni vya anayepokea, na laini yake inafungwa wakati mteja wa kweli anajaribu kumpata.

Mbona mashine inakataa kupiga tena namba ileile?

Kwa sababu imekatazwa. Kanuni za Marekani zinaruhusu mashine ijaribu yenyewe mara mbili mfululizo. Ikiwa inaweza kutambua milio ya laini kuwa na shughuli au njia kujaa, na ikakutana na mlio huo kila mara, inaongezewa majaribio 13. Baada ya hapo inapumzika angalau dakika 60, isipokuwa wewe mwenyewe ubonyeze. Fikiria namba iliyoingizwa kimakosa ikawa ya nyumbani kwa bibi wa watu, na mashine inampigia usiku kucha. Sharti hili limemfikiria yeye.

Kwa nini mashine inakaa kimya kidogo baada ya kupokea?

Sekunde mbili za kwanza baada ya kupokea, kifaa cha data hakiruhusiwi na kanuni za Sehemu ya 68 kupitisha data. Muda huo uliachiwa mitambo ya kuhesabu malipo ipeane taarifa bila kuchanganyikiwa na sauti zako. Kiwango cha kimataifa cha T.30 nacho kimeweka kimya cha sekunde 1.8 hadi 2.5, ndipo mashine inayopokea ipige mlio wake wa 2100 Hz. Anayesikiliza hudhani simu imekatika. Asiishushe.

Kampuni ya simu inaweza kunikatia?

Ikiwa mashine inaudhuru mtandao, ndiyo. Kwa kanuni za Marekani inatakiwa ikujulishe mapema inapowezekana, ikupe nafasi ya kurekebisha, na ikueleze haki yako ya kulalamika kwa FCC. Inaweza pia kukuuliza namba ya usajili na REN, na unatakiwa uitoe. Ikibadilisha mitambo yake kwa namna itakayoifanya mashine yako isifanye kazi, inapaswa kukuarifu ili upate muda wa kujipanga.

Laini yangu imehamia kwenye intaneti. Masharti haya bado yananihusu?

Ya usalama wa umeme, yote. Waya kati ya adapta na faksi bado unabeba volti za kuita, na adapta nyingi zina nguvu ndogo kuliko kituo cha simu, kwa hiyo REN inayoruhusiwa inaweza kuwa chini ya 5. Soma karatasi yake.

Upande wa kutuma, faksi haipendi njia iliyokusudiwa sauti ya mtu. Ubanaji wa sauti unaharibu milio yake, na pakiti moja ikipotea ukurasa unakatika. Uliza kama mtoa huduma anatumia T.38, kiwango kilichotungwa kwa ajili ya faksi kwenye intaneti. Ikiwa hatumii, shusha kasi ya mashine kutoka biti 14,400 kwa sekunde hadi 9,600. Kama laini ya shaba inabeba intaneti pia, weka kichujio kati ya soketi na faksi.

Kuna badiliko moja ambalo ni la usalama kabisa. Laini ya shaba ilibeba umeme wake. Adapta na ruta hazibebi. Umeme ukikatika, simu ya dharura kupitia laini hiyo haipo, hata kama mkono wa simu uko pale pale kando ya faksi. Weka betri ya akiba kwa ruta, au simu ya mkononi yenye chaji karibu.

Redio au televisheni inakoroma faksi ikifanya kazi. Kosa ni la nani?

Mashine ilipimwa mawimbi yake: daraja B kwa nyumba, daraja A kwa maeneo ya biashara, na la pili lina mipaka iliyolegea. Sogeza vifaa mbali, tumia soketi ya mzunguko mwingine. Ukiifungua na kuibadilisha bila idhini ya mtengenezaji unaweza kupoteza haki ya kuitumia.

Naweza kuitengeneza mwenyewe?

Karatasi iliyokwama, roli, katriji: ndiyo, ikiwa imepoa. Kwenye mashine za leza, sehemu inayoyeyushia wino inafikia takriban nyuzi 200 na inabaki na joto muda mrefu baada ya kuzimwa. Kibao cha simu na kile cha umeme usiviguse. Ukibadilisha kidude cha pale kwenye mstari wa utenganisho kwa kingine kinachofanana kwa macho, mashine itafanya kazi vizuri, na ukuta uliowatenga mafundi wa nguzoni na umeme wako utakuwa umetoboka bila dalili yoyote. Marekani kazi hiyo ni ya mtengenezaji au wakala wake.

Nataka kuiuza. Kuna la kufanya?

Futa kumbukumbu yote na orodha ya namba. Ikiwa ni ile inayochapa kwa utepe wa filamu, toa utepe na uuharibu: kila ukurasa uliowahi kupokewa umebaki humo kama negativu, unasomeka ukiunyanyua kwenye mwanga. Futa pia jina na namba yako kwenye mstari wa juu, maana mnunuzi akituma bila kubadilisha, kurasa zake zitawafikia watu kwa jina lako.